Pistoni Nne za Eliezeri

Damari aliponunua gari, watu wa kilimani walisema amerukwa na akili. Na nani awalaumu? Mjane wa watu, mkono mmoja jembe na mkono mmoja kikapu cha pareto, anauza ng'ombe wake wote watatu, anashuka hadi Nyololo, halafu anarudi amekaa mbele kwenye mkweche wa kijani unaofuka moshi kama jiko la kuni mbichi! Nyuma lilikuwa limekatwa na seremala wa Mafinga likawekewa mbao, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Mwenyewe hata kuendesha hajui. Makame, dereva wa duka moja la mjini Mbeya, ndiye aliyeshika usukani siku nzima ya kupanda, na njia nzima alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Mama Damari," alimwambia walipofika uani, "mimi nimelelewa kwenye magari. Hili ni bovu. Wewe una lako jambo."

"Ninalo," alisema Damari. "Nitafutie fundi wa kulikagua. Namtaka Jailos wa pale sokoni, simtaki mwingine. Mwambie ni mama mmoja tu wa kilimani. Jina langu usimtajie."

Alikuwa nalo, tena la miaka mitano. Mwaka wa hamsini na moja gari hilo lilikuwa jeusi, mali ya mlowezi mmoja wa upande wa Iringa. Mume wa Damari, Eliezeri, alikuwa fundi mkuu wa gereji moja huko, na Jailos alikuwa chini yake; Damari alibaki kilimani, Jailos hakuwahi kumwona. Mlowezi alileta pistoni mpya nne, Eliezeri akazifunga. Wiki mbili baadaye Jailos akaenda kusema kwamba Eliezeri amewaibia: mpya ameziuza Makongolosi kwa wachimba dhahabu, zilizomo ndani ni zile zile kuukuu. Alisimama mbele ya bwana shauri na pistoni nne chakavu mkononi, akaapa kwa Biblia: "Nimefungua injini kwa mikono yangu, nikazitoa hizi. Bwana amenipa mpya nyingine, nimezifunga mimi mwenyewe." Uongo mtupu! Zile chakavu alikuwa ameziokota kwenye debe la vyuma vibovu. Eliezeri aliomba gari lifunguliwe mbele ya watu. Wakamcheka. Nani angefungua gari la mzungu kwa ajili ya mtu mweusi aliyekwisha kuitwa mwizi?

Akala miaka miwili jela. Jailos akala ufundi mkuu, baadaye akaja kujifungulia gereji yake pale sokoni. Eliezeri alirudi nyumbani na kifua kibovu, akakuta kanisa limekwisha mtenga, na kabla mwaka haujaisha akafa. Na hapa ndipo penye donge la Damari. Kilimani pale mtu akifa kengele ya kanisa hupigwa, pigo moja kwa kila mwaka aliouishi, watu mashambani wanasimama na majembe yao wanahesabu. Eliezeri hakupigiwa hata pigo moja. Mwalimu Yotamu, mzee wa kanisa, alisema mwizi hapigiwi kengele, akaagiza kaburi lichimbwe nje ya uzio. Damari alimzika mume wake kimya, kama mtu anayefukia mbwa.

Lakini kabla hajafa Eliezeri alimwambia neno moja. "Zile pistoni nimeziandika jina langu juu kwa tindo. Wenzangu wanaandika moja, mbili, tatu, nne. Mimi namba sitaki, namba ni ya kila mtu." Tangu siku hiyo Damari alikuwa akilifuatilia lile gari. Mlowezi aliliuza, likaenda kwa mfanyabiashara wa mbao Mafinga, likapakwa rangi ya kijani, likakatwa, likauzwa tena Nyololo. Namba yake aliijua kwa kichwa kuliko aya za Zaburi. Alipolipata, kibao cha namba kilikuwa kimejaa tope, naye hakulifuta. Aliliacha hivyo hivyo, akaongeza na lingine kidogo.

Hofu yake ilikuwa moja tu, na ilimkosesha chakula siku tatu. Je, kama kuna mtu katikati hapo alikwisha fungua injini akazibadili? Basi ng'ombe watatu wamekwenda bure, na Eliezeri atabaki mwizi milele na milele.

Jailos alikuja Jumamosi asubuhi, sanduku la spana limefungwa nyuma ya baiskeli. Alikuwa amenenepa. Alikuta ua umejaa watu, maana Damari alikuwa ametangaza kwamba gari lake jipya litaombewa, na Mwalimu Yotamu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti na Biblia mapajani. Chai ilikuwa inachemka kwenye debe, na viazi vya kuchemsha vilikuwa vimejaa ungo.

"Fundi," alisema Damari, "tunaliombea likishakaguliwa. Hatutaki kumwombea mgonjwa ambaye hajapimwa."

Watu wakacheka. Jailos naye akacheka, akavua koti. "Baba mwenye nyumba yuko wapi?"

"Amelala. Kule nyuma ya kanisa."

"Pole sana, mama."

"Nimekwisha poa," alisema Damari.

Jailos akaanza kazi, na kusema kweli kazi aliijua, shetani mkubwa yule. Akalala chini ya gari, akafungua nati ya oili, ikatoka nyeusi tii, nzito. Akainusa, akatikisa kichwa ili watu wamwone. Akamwaga maji ya rejeta, yakatoka mekundu kwa kutu. Akaisuuza mara tatu mpaka yakatoka meupe. Akatoa plagi, akazisugua kwa msasa. Akakaza breki, akatia grisi kwenye springi, akavuta mkanda wa feni kwa kidole. Kila kitu alikieleza kwa sauti ya kuhubiri. Mara moja tu, alipokuwa ameinama kwenye boneti, alisita.

"Gari hili kama nimewahi kuliona."

"Magari yanafanana, fundi," Damari alijibu, akimmiminia chai. "Haya, na ule moshi?"

"Moshi ni uzee, mama. Ukimpa oili nzuri atapunguza."

"Makame anasema ni masizi. Anasema hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ifunguliwe, pistoni zikwanguliwe."

"Hiyo ni kazi ya kutwa! Haina haja."

Damari aligeuka, akawatazama wale watu wote, akasema taratibu, "Kumbe huwezi. Basi si neno. Makame, kesho nenda kwa Halfani, nasikia yeye anaweza."

Ebo! Ungemwona Jailos alivyovimba. Amwachie Halfani, mshindani wake wa mtaa wa pili, mbele ya wazee wa kanisa? Alinyakua spana. Nati za hedi akazifungua moja moja, kuanzia katikati kwenda nje, kama inavyotakiwa. Akagonga pembeni kwa mpini wa nyundo, hedi ikaachia. Yeye na Makame wakainyanyua, wakailaza juu ya gunia.

Watu walisogea. Injini ilikuwa wazi, matundu manne, pistoni mbili za mwisho huku na huku zimepanda juu, mbili za katikati zimezama. Zote nyeusi, masizi yameganda kama ukoko wa sufuria. Hakuna kilichoonekana. Damari akashika mlango uliofungwa kwa kamba. Moyoni alikuwa akisema: Baba Mungu, leo tu, baada ya hapo usinipe kitu kingine.

Jailos alikwangua pistoni ya kwanza. Krr, krr. Akapangusa kwa tambara lenye mafuta ya taa. Chuma kikang'aa, na katikati ya chuma palikuwa na herufi moja: E.

"Alama ya kiwanda hiyo," Jailos alisema, hajali.

Jailos akahamia ya nne. Krr, krr. Akapangusa. LI. Herufi mbili zimepinda, zimechimbwa kwa mkono. Safari hii hakusema neno la kiwanda. Alizitazama, akaitazama ile E, kisha akainua macho akamtazama huyu mwanamke aliyempa chai. Jasho jembamba likaanza kumtoka, na ubaridi wote ule wa kilimani!

"Inatosha," alisema. "Hizi za katikati huwa hazina masizi."

"Makame, zungusha," alisema Damari.

Makame akashika hendeli mbele ya gari, akazungusha nusu. Mbili zikazama, mbili za katikati zikapanda.

"Kwangua, fundi."

"Mama, nimekwambia..."

"Kwangua!" Sauti ilimtoka kama ya mwanamume. "Umekuja kukagua gari langu. Likague!"

Mtu akiacha kazi katikati mbele ya watu, ataonekanaje? Jailos alikwangua, kikwaruzo kikamponyoka kikaangukia kwenye fenda. Damari akakiokota, akampa tena mkononi kwa upole, kama mama anayempa mtoto kijiko. Roho yake ilikuwa inasuuzika. Usiniulize kama alimwonea huruma. Thubutu!

Ya pili: LI. Ya tatu: EZE.

"Mwalimu," alisema Damari, "wewe ndiye uliyetufundisha kusoma. Hebu njoo utusomee."

Mwalimu Yotamu aliinuka, akavaa miwani, akainama juu ya injini. Akasoma kwa kidole, kuanzia mbele kwenda nyuma. "E. LI. EZE. LI." Akasoma tena. Miwani ikaanza kumteleza puani.

"Eliezeli," alisema. "Kwa L mwishoni. Jamani! Ulimi wetu wa Kinyakyusa hauna ile R, lakini darasa zima walikwisha kuijua isipokuwa mtoto mmoja. Nilimchapa fimbo kwa hiyo L, nikamchapa, nikamchapa. Hakuna mtu mwingine duniani anayeandika jina hili hivi."

"Nani?" aliuliza mtu nyuma, na jirani yake akamkanyaga mguu.

"Mtu yeyote anaweza kuchonga," Jailos alisema. "Na labda ni gari jingine."

Damari alichovya tambara kwenye yale maji ya rejeta, akaenda mbele ya gari, akapiga magoti, akafuta kibao cha namba. Tope likadondoka. Ile namba ambayo Jailos mwenyewe aliitaja mahakamani, mkono juu ya Biblia, ikatoka moja moja.

"Uliapa kwamba pistoni za mume wangu ulizitoa ukafunga zako," alisema, bado amepiga magoti. "Hizi hapa za mume wangu. Umezikwangua mwenyewe, sisi tunatazama. Zako ziko wapi? Zile mpya nyingine ulizopewa na bwana, ziko wapi?"

Jailos alitazama baiskeli yake. Wanawake walikuwa wamekwisha isogelea, mmoja ameikalia.

"Uliziuza," alisema Damari. "Kule kule Makongolosi ulikosema ameuza yeye."

"Shetani alinipitia, mama."

"Hakukupitia! Angepita angeondoka. Alikaa kwako miaka mitano, mnakula naye sahani moja."

Mwalimu Yotamu alikuwa amekaa tena, Biblia imeanguka chini na hakuiokota. "Damari," alisema, "mimi ndiye niliyekataa kengele."

"Ndiyo wewe. Ulikataa wewe, na leo atapiga yeye. Miaka thelathini na minne. Asipunguze hata mmoja."

Wakaenda kanisani wote, Jailos katikati. Alishika kamba ya kengele kwa mikono ile ile iliyojaa masizi, akavuta. Damari alisimama mbele yake akihesabu kwa sauti, na kila pigo alimtazama usoni. Mashambani watu walisimama na majembe yao. Kwenye la ishirini Jailos alikuwa analia kwa sauti, kamasi zinamtiririka, akaomba apumzike. "Ishirini na moja," alisema Damari. Likapigwa. Lilipofika la thelathini na nne, kamba ilikuwa imekuwa nyeusi toka urefu wa kichwa cha mtu hadi chini, na ule uzio nyuma ya kanisa Mwalimu Yotamu alikuwa ameanza kuung'oa mwenyewe, mti mmoja mmoja.

Mwalimu alirudi, vumbi mpaka kwenye nywele, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sasa umsamehe. Amekiri, na kengele imelia."

Watu walingoja. Jailos naye alingoja, ameinamisha kichwa. Damari akamgeukia.

"Mimi nina gari liko wazi uani kwangu," alisema. "Injini inaingia vumbi. Twende, fundi, ukalifunge. Gasketi uikate vizuri, nati uzikaze kwa zamu, oili mpya utie. Na yale maandishi usiyaguse."

"Na msamaha?" aliuliza Mwalimu.

"Gari kwanza."

Jailos alifanya kazi mpaka jioni, hakuna aliyemsemesha, hakuna aliyempa chai. Kabla hajarudisha hedi, Damari alimwambia asome tena. Akasoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, na L yake mwishoni. Kisha akafunga. Makame akapiga hendeli mara moja tu, injini ikaitika, inanguruma taratibu, moshi umepungua kabisa.

"Ndaga fijo, fundi," alisema Damari, kama wanavyoshukuriana kwao. "Utarudi mwezi ujao."

"Kufanya nini, mama?"

"Kulikagua. Kila mwezi, hapa hapa uani, mbele ya watu. Mpaka mimi nichoke."