Isale la Profesa Volker

Profesa Volker alikuja Kikatiti siku ya gulio, saa za watu kuwa wengi, akiwa ameshika jani la isale. Alilishika kwa mikono miwili, kama anavyopaswa kulishika mwenye kosa, na hilo ndilo lililomchefua Anjela kabla mtu huyo hajasalimia. Mzungu mzima, profesa wa chuo kikuu cha kale huko Ujerumani, chuo chenye umri mkubwa kuliko kanisa lolote la huku kwetu, anakatiza katikati ya mafungu ya nyanya na jani la Wachaga. Wauzaji walisimama kumtazama. Yeyote mwenye asili ya Kilimanjaro alijua maana yake: huyu amekosa, na anakwenda kuomba msamaha ambao haukataliki.

Alikuwa anakwenda kwa Mzee Ndesanjo, baba yake Anjela, aliyeishi nyuma ya duka la pembejeo la bintiye. Anjela alimwacha mteja mlangoni na kumfuata mbio.

Yaani, kama kuna mtu aliyekula na kusaza katika nyumba ile, ni Volker. Alijuana na Aristides, kaka yake Anjela, wakati wamepanga vyumba jirani Kaloleni, mjini Arusha, Volker akiwa bado mwanafunzi anayejifunza Kiswahili na kuomba chumvi kama binadamu wa kawaida. Baadaye akawa profesa, Aristides akawa mkalimani wake. Walikwenda pamoja ng'ambo ya mpaka, kwenye kambi za watu waliokimbia vita. Volker anauliza, Aristides anatafsiri, kinasa sauti kinameza: nani katoka kijiji gani, nani ndugu wa nani, vijana wamemfuata kamanda yupi. Utafiti, waliambiwa. Wakimbizi walisema yote, kwa sababu aliyewaketisha na kuwapa pole kabla ya kuwauliza alikuwa Aristides, mtu mwenye uso wa huruma.

Kumbe! Mwaka jana magazeti ya huko kwao yakaandika kwamba sauti zile hazikulala maktaba. Kwamba chuo kile cha majoho na minara kimekuwa kikizipenyeza kwa watu wa usalama. Chuo kikatoa tamko kwamba hizo ni tuhuma tu na zinachunguzwa. Siku hiyo Volker alikuwa kwake Ujerumani, anakunywa kahawa. Aristides alikuwa kambini peke yake, anamalizia mahojiano. Habari za kwenye simu hazingoji viza. Watu wa kambi ile walikuwa wamepoteza vijana wao katika mashambulizi, na hapo wakaona wamempata aliyewauza. Jeneza lilirudi limepigiliwa misumari, na ndugu wakaambiwa wasilifungue.

Na huku nyumbani je? We acha tu. Msiba wa Mchaga hujaza watu mpaka migombani, lakini katika msiba wa Aristides chakula kilibaki kwenye masufuria. Waliokuja walikaa karibu na geti, wakaondoka mapema. Shushushu, walinong'ona. Kala fedha za kupeleleza, zimemtokea puani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mkewe alishindwa kuvumilia masimango, akaenda kutafuta kazi Kisongo, na binti yao Blessing, ambaye hata kuongea kwake bado hakujanyooka, akabaki kwa babu.

Anjela alitaka kitu kimoja tu kwa Volker. Hakutaka fidia, na pole zake hakuzihitaji. Alitaka asimame mbele ya watu, kanisani au hata pale gulioni juu ya kreti la soda, aseme: Aristides hakujua. Basi. Maneno mawili ya kumrudishia marehemu jina lake. Alimwandikia, wakamjibu wanasheria wa chuo. Alimpigia, simu haikupokelewa. Sasa leo mtu huyohuyo alikuwa amepiga goti uani kwao, suruali yake nzuri kwenye vumbi la kuku.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

Mzee Ndesanjo alilikazia macho jani. Alikuwa katekista kwa miaka mingi, amefundisha watoto wa tarafa nzima amri za Mungu, lakini kuna mambo aliyozaliwa nayo Rombo ambayo hakuna padri aliyewahi kuyang'oa. Alikuwa ameiona kwa macho yake nyumba iliyokataa isale. Ilikwisha, mtu mmoja baada ya mwingine, hadi mchongoma ukaota mlangoni. Mzee akaanza kunyoosha mkono.

Anjela akajiweka katikati. "Baba, usipokee. Kwanza aseme alichokosa."

Hiyo nayo ni desturi: mwenye kosa hulitaja kosa lake. Volker alilijua hilo. Kwa Kiswahili chake kilichonyooka alieleza kwamba maadamu uchunguzi unaendelea amekatazwa kuzungumzia kazi ile mahali popote. Lakini moyo wake ni mzito, halali usingizi, na amekuja kama mtoto wa nyumba hii kuomba radhi kwa yote.

Kwa yote! Hapo Anjela akamwelewa. Maneno yanaweza kupelekwa mahakamani, jani haliwezi. Volker hakuliokota isale njiani. Kitabu chake cha kwanza kilihusu mila za upatanisho za watu wa mlimani, na aliyemzungusha kwa wazee kuanzia Marangu hadi Rombo, akamtafsiria kila neno, alikuwa Aristides. Alijua kwamba anayelipokea amelifunga shauri. Halitajwi tena, si ndani wala nje. Na atakayelifukua, balaa humwangukia mtoto mdogo wa nyumba yake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.

Anjela alimsihi baba yake. Alimwambia huyu hajaja kutubu, amekuja kutufunga midomo. Alimkumbusha watu waliokaa getini. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuelewa. Kisha akamtazama Blessing, ambaye alikuwa anamfukuza kuku na kuanguka, anainuka na kumfukuza tena.

"Mwanangu, nimebakiwa na huyu tu wa Aristides," alisema, akanyoosha mkono na kulipokea jani.

Volker alilia. Alilia kweli, kamasi na machozi, na jambo hilo lilimuudhi Anjela kuliko kama lingekuwa la kuigiza. Mzee alimwinua, akampa kiti, akaagiza pombe ya mbege. Anjela hakwenda kuileta. Alisimama palepale, akamuuliza kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani.

"Kaka yangu alijua au hakujua?"

Profesa alifuta miwani yake polepole. Alimtazama mzee kwanza.

"Dada Anjela, shauri hili halitajwi tena," alisema kwa upole. "Ndivyo Aristides alivyonifundisha."

Anjela alimgeukia baba yake. Mzee Ndesanjo aliinamisha kichwa, jani likiwa bado mkononi.

"Ni kweli," alisema. "Halitajwi."

Volker alirudi Arusha jioni ile kwa gari la kukodi, akapanda ndege kesho yake, mwepesi.

Gulio lililofuata, Anjela alifungua duka kama kawaida. Mteja wake wa kwanza alikuwa Mama Elihuruma, jirani, aliyetaka mbegu za maharage. Alichagua, akaweka chini, akachagua tena. Mwishowe akasogea karibu na meza. Alisema watu wanauliza tu, si kwa ubaya. Yule Mzungu alileta isale, maana yake kosa lilikuwepo. Sasa lilikuwa la Mzungu peke yake, au na marehemu naye alikuwemo?

Anjela alifungua mdomo. Yeye hakuwa mtu wa kuamini mambo ya majani, alikuwa amesoma hadi Chuo cha Sokoine. Nje Blessing alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anajivisha viatu, kulia kwa kushoto. Mdomo wa Anjela ukajifumba wenyewe. Akachukua mbegu za yule mama, akazifunga vizuri, akamkabidhi.

Mama Elihuruma alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kujibiwa.

"Basi, mwanangu," alisema. "Tumeelewa."