Upande wa Jitu

Mathenge alikuwa na kichwa kigumu, tuseme ukweli. Angekuwa na akili ya kawaida angepita dukani kwa mzee Thakorbhai siku yoyote ya wiki ile, aseme neno moja tu, kisha arudi zake posta kuuza stempu. Lakini wapi. Alishupaa mpaka Jumamosi, siku ya fainali, siku hiyo hiyo ambayo Jitu, mwana wa Thakorbhai, alikuwa anahama Kenya na jamaa yake yote.

Mwaka huo, sitini na nane, ukitaja marefa wa mpira wa kikapu Nyeri ulikuwa unataja hao wawili. Mathenge alikimbia mbele kuufuata mpira mpaka chini ya kikapu. Jitu alibaki nyuma kutazama yale yanayotendeka mbali na mpira, viwiko vya mbavuni, kuvutana fulana, na ujanja wote ambao wachezaji hudhani hauonekani. Marefa wengine hubadilishana nafasi. Wao walikataa kata kata, na mtu akiwauliza walicheka tu. Na walikuwa na sheria yao ya wawili: unapiga filimbi kwa ulichokiona kwa macho yako, cha kuambiwa hupigi, hata kama uwanja mzima unapiga kelele.

Sasa, Jitu alipomwambia kwamba wanahama, kwamba leseni ya duka la Mhindi haina uhakika tena na Uingereza nayo iko karibu kuwafungia mlango, Mathenge alishikwa na uchungu. Na uchungu wa Mathenge ulikuwa haujui kutoka isipokuwa kwa matusi.

"Nyinyi wote ni wale wale," alimwambia, pale pale dukani mbele ya wateja. "Mguu moja Kenya, ingine kwa ndege. Enda basi. Nani amekushika?"

Jitu alikunja kitambaa alichokuwa anampimia mama mmoja, akakikunjua, akakikunja tena. Mathenge akatoka. Alipofika barabarani alikuwa ameshajuta, na bado miguu yake ilikataa kurudi. Usiku alilala akijitukana, asubuhi akaamka na kiburi chake kizima.

Ndiyo maana Jumamosi alikuwa amepanga mambo yake. Mchezo ungeanza saa nane pale uwanja wa Ruring'u, ukimalizika apande baiskeli, apande kilima hadi mjini, amkute Jitu kabla gari halijaondoka saa kumi na moja, amwombe msamaha. Mpango mzuri kabisa, kama timu ya Nanyuki haingepata pancha Kiganjo. Walifika wamejaa vumbi, jua limeshaanza kushuka.

"Wacha tuahirishe," alisema Murugi, mwalimu aliyekuwa anatunza saa mezani. "Refa mmoja, na fainali? Hii ni shida unajitafutia."

Mathenge aliwatazama wale vijana wa Nanyuki waliosukuma gari mpaka mikono ikawa myeusi. Angewarudisha vipi? "Tucheze haraka," alisema.

Wakacheza. Ole wake refa aliye peke yake. Akitazama mpira, nyuma kunachafuka. Akitazama nyuma, mpira unavuka mstari na hajui nani ameugusa mwisho. Alikimbia huku na huku mpaka koo likakauka, na mara kadhaa alipiga filimbi akageuka kumtafuta Jitu kwa macho, kama walivyozoea, akakuta saruji tupu. Kila akigeuka hivyo roho ilimuuma. Alikuwa anatazama jua zaidi kuliko alivyotazama wachezaji, Mungu amsamehe.

Dakika ya mwisho ikafika timu zikiwa sare. Gicheru wa Nyeri alirusha mpira, ukagonga chuma, ukaruka nje. Hapo hapo nyuma ya Mathenge mtu akaguna. Aligeuka akamkuta Muriithi wa Nanyuki amepiga magoti, mdomo unavuja damu, na jirani yake wa Nyeri anatazama mawingu.

Murugi akapuliza filimbi ya mezani. Muda umekwisha.

Nanyuki wote wakamzunguka Mathenge. Walitaka faulo, Muriithi atupe mipira yake miwili bila kuzuiwa, mambo yaishe. Na yangeisha kweli. Filimbi moja tu na Mathenge angekuwa juu ya baiskeli. Saa kumi na moja ilikuwa inabisha hodi. Nani angemlaumu? Damu ilikuwa pale, kila mtu anaiona.

"Refa, nimepigwa kiwiko," alisema Muriithi kwa upole.

"Najua umepigwa," alisema Mathenge. "Mimi sikuona."

"Sasa?"

"Sasa tunaongeza dakika."

Alisema hivyo akahisi kama anajinyonga kwa mkono wake. Upande ule ulikuwa wa Jitu, na kumdanganyia Jitu upande wake siku anayokwenda kumwomba msamaha, hapana, hilo lilimshinda. Alijiambia labda Wahindi watachelewa kufunga mizigo. Watu wenye mizigo mingi huchelewa.

Muda wa nyongeza ulichezwa kwa hasira. Alikuwa chini ya kikapu cha upande wa mjini, mgongo wake ukielekea barabara ya Karatina, ile ya kwenda Nairobi, macho kwenye mpira, aliposikia honi nyuma yake. Ikalia tena. Sijui dereva gani huyo asiye na adabu, alifikiri, na kichwa kilikuwa kinamgonga. Aliinua mkono bila kugeuka, akaupunga kwa nguvu, kumfukuza. Honi ikanyamaza. Mpira ukaingia, wa Nanyuki, na baadaye kidogo Murugi akamaliza mchezo.

Mathenge hakungoja kushikana mikono. Alikuwa ameshaiinua baiskeli yake Murugi alipomfikia.

"Unaenda wapi?"

"Mjini. Kwa Jitu."

Murugi aliushika usukani. "Mathenge, Jitu alikuwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Nyuma yako. Gari yao ilisimama hapo barabarani, yeye akashuka, akaja akasimama kwa ile kona yake. Nilitaka kusimamisha saa, akanikataza. Ati refa haitwi mchezo ukiendelea. Alingoja ugeuke. Baba yake akaanza kupiga honi, wamechelewa ndege. Halafu wewe ukapunga mkono."

"Mimi nilifikiri ni dereva tu."

"Sisi tulifikiri unamfukuza. Yeye alisema, basi, bado ana hasira. Akapanda gari."

Mathenge alirukia baiskeli. Hakupanda kilima cha mjini, alishika ile barabara ya Karatina, akakanyaga pedali kwa nguvu zake zote, shati la refa limelowa mgongoni, akina mama waliobeba kuni wakimpisha. Alilia bila aibu njia nzima. Vumbi la gari fulani lilikuwa bado linaning'inia mbele yake juu ya mashamba ya kahawa, na alilifuata mpaka likatulia chini, na barabara ikawa nyeupe na tupu hadi ukingo wa bonde.

Alirudi akiikokota baiskeli. Murugi alikuwa bado anamngoja uwanjani, nyavu zimeshavuliwa, wageni wamekwenda na kikombe chao.

"Aliacha anwani?" Mathenge aliuliza.

"Hakuacha."

"Wanaenda mji gani huko?"

Murugi hakujua. Waliuliza Jumatatu kwa maduka yote ya Wahindi yaliyobaki, mmoja akasema London, mwingine akasema Leicester, na Manorama wa duka la dawa akasema kwamba nyumba yenyewe walikuwa bado hawajapata. Mathenge alisema asante, akavuka barabara, akafungua dirisha lake la posta, na watu wakaanza kupanga foleni.