Kikapu cha Ma Kokulinda

Celestina alikuwa barazani kwake Buswelu akichambua dagaa, akitenga mchanga na vichwa vilivyovunjika, mama yake alipofika kutoka makaburini Muleba. Ma Kokulinda alikuwa amevaa kitenge alichozikwa nacho na viatu vya kanisani. Alisema meli ilichelewa kutia nanga. Akapiga hodi, ingawa mlango ulikuwa wazi, akasimama nje kungoja kahawa.

Celestina alimwamkia, akamkaribisha ndani. Mama aliitikia marahaba, lakini hakuingia.

Kwa Wahaya mgeni hapokelewi kwa maneno matupu. Hupewa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko kilichochongoka. Kikapu cha nyumba ile Ma Kokulinda alikisuka mwenyewe, akampa binti yake siku ya kumuaga kwenda kwa mumewe. Alimwambia, siku nikija kwako nitakuwa mgeni, unipokee kwa hiki. Alipokuwa hai alipokelewa hivyo kila alipokuja. Sasa kikapu hakikuwepo.

Kilikuwa mjini, kwenye jumba la sanaa lililojengwa juu ya mawe yanayotazama ziwa. Msimamizi wake, Jonathan, mtu mpole wa shati la kitani, alikuwa amepita majumbani akiomba vitu vya ukarimu kwa ajili ya maonyesho aliyoyaita Mlango Wazi. Celestina alimwelewa kama ambavyo Mhaya yeyote angemwelewa, kwamba jumba lina wageni wengi na halina cha kuwapokelea. Mtu akikuomba kikapu ili apokee wageni, humnyimi. Alikijaza kahawa mpya hadi mdomoni, akaongeza nyingine kwenye mfuko, ili zikiisha wenye jumba wasipate aibu. Jonathan alishukuru sana. Kikapu alikiweka ndani ya sanduku la kioo, na ule mfuko akaurudisha.

Deodatus, mume wa Celestina, alijaribu kuokoa jahazi kwa kuleta punje chache kwenye kisosi cha plastiki. Mama mkwe alizitazama, akamshukuru, akaficha mikono ndani ya kitenge. Jirani yao Akelo, Mjaluo wa Rorya, alipitisha kigoda juu ya ua ili mama wa watu asisimame, akaulizia habari za safari, akarudi kwenye ugali wake. Giza lilipokolea Ma Kokulinda aliaga. Kesho yake jioni alirudi, na jioni zilizofuata. Mvua ilimkuta palepale mlangoni, na maji yakamchuruzika mpaka kwenye viatu vya kanisani. Celestina aliona aibu. Mama aliyemzaa alikuwa analowa nje ya nyumba yake.

Celestina akaenda kwenye jumba kukidai kikapu. Juu ya mlango palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa, MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Chini yake, kwa herufi ndogo, wageni waliombwa wasiguse kitu. Mlinzi, Nkwabi, Msukuma mwenye adabu zake, alimpa shikamoo, kisha akamwomba arudi nyuma ya kamba.

Jonathan hakumkatalia. Watu wa namna ile hawakatai. Alimweleza, wote wawili wakiwa wamesimama kwa kuwa viti vilivyokuwepo vilikuwa vya maonyesho, kwamba watu wamekipenda mno kikapu na muda wa maonyesho umeongezwa.

"Sasa ni cha watu wote, mama," alisema. "Kiko wazi kwa kila mtu."

"Kila mtu anakitazama tu. Mama yangu amesimama mlangoni."

Jonathan alifikiri, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli. "Basi mlete hapa," alisema. "Kwetu mlango uko wazi."

Celestina alimleta siku ya pili yake, kabla jua halijazama. Alitumaini kwamba mama akikiona kikapu hata kwa mbali, moyo utamtulia, atakubali kuingia nyumbani. Ma Kokulinda alipita kwenye kamba bila kuigusa, akasimama kando ya kioo. Alikiona kikapu chake kimejaa. Kisha akaona ukumbi umejaa wageni, hakuna hata mmoja anayetafuna. Alisikitika waziwazi. Mwanamke aliyelelewa vizuri haondoki katika hali kama ile. Akakunja mikono, akaanza kuwaambia karibuni.

Hakurudi Buswelu tena. Asubuhi Jonathan alisogeza kamba nje kidogo ili imzunguke na yeye, akabandika kibao: *Mwenyeji. Kagera. Kitenge, mwili, sauti.* Wageni walipiga naye picha. Hawakumwitikia, kwa kuwa kibao kingine kiliomba utulivu ukumbini.

Celestina huenda kumwona Jumapili baada ya misa. Husimama nyuma ya kamba pamoja na wengine, akiwa na kanga yake ya kanisani. Nkwabi humwacha akae zaidi ya wengine, ila kamba ni kamba. Kahawa chini ya kioo imeota ukungu mweupe, na kioo hakifunguliwi.

Jumapili iliyopita Ma Kokulinda alimtambua katikati ya watu.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Umepewa kahawa?"

Celestina alikitazama kioo, akamtazama mama yake, mikono yake mitupu imekunjwa mbele ya wageni.

"Nimepewa, mama," alisema. Akaanza kutafuna, taratibu, ili mama aone.