Memori ya Mashine ya Mama Nasra

...na sasa amevuta kiti chake karibu zaidi, si karibu sana, sawa, lakini karibu, kwa sababu skrini ni ndogo na fundi lazima aone, ndivyo mtu yeyote angesema, fundi lazima aone na mke wangu lazima amwonyeshe, na mimi nimesimama nyuma yao na kikombe cha chai kinachopoa mkononi kama mgeni aliyesahauliwa, sebuleni kwangu mwenyewe, Rusimbi hapa hapa, kwenye nyumba aliyoijenga baba yangu, mbele ya kompyuta niliyoinunua mimi ili nitungie mitihani ya wanafunzi wangu, kabla Zuleha hajapata kazi ya kutafsiri kwa wakimbizi, kabla ya ile sauti... Fundi Anatoli anauliza jambo kwa Kiha, Zuleha anajibu kwa Kiha, wanacheka, kicheko cha watu wa kwao Kalinzi, kifupi, cha puani, na mimi nacheka pia, nacheka nini, sijui, ndivyo nilivyozoea, hata nikienda ukweni huwa nacheka wenzangu wakicheka, na shemeji zangu wananisifu, shemeji yetu wa Ujiji mcheshi sana, kumbe sijaambulia neno, maana sisi kwetu tulikulia Kiswahili, babu alivuka nacho ziwa akija kufanya biashara, na Kiha tulikisikia kwa wauza maharage tu, na nilipomwoa Zuleha nilijua atakuja upande wangu wa lugha, na kweli amekuja, miaka yote hii amekaa huku, mimi sikuona haja ya kwenda upande wake hata kwa matembezi... Mwalimu, ananiita Anatoli, amegeuka, ananieleza kwa Kiswahili, polepole, kwamba nafasi ya kuhifadhia ni kitu kimoja na memori ni kitu kingine, nafasi ipo tele, mitihani yangu na picha za binti yetu Nasra zinakaa humo bila shida, lakini memori ndipo mashine inaposhikia kazi zote zilizofunguliwa kwa pamoja, ikijaa mashine inahangaika, inaganda, na yeye hapendi kumuuzia mtu kitu asichokihitaji, kwa hiyo kwanza mama afungue kila kitu kama anavyofungua siku zote akifanya kazi, tuone inajaa kweli au ni virusi tu. Sawa, nasema. Mashine inatosha, nasema tena, nilishamwambia Mama Nasra inatosha. Zuleha hageuki. Anajua nitasema hivyo, nimesema hivyo tangu mvua zilipoanza, inatosha, punguza kufungua mavitu, na wala sikuwa najali inatosha au haitoshi, nilikuwa naomba igande moja kwa moja, ife, ili jioni akishaepua sufuria asije kukaa hapa akavaa zile hedifoni, akasikiliza sauti zilizorekodiwa kazini na kunipa mgongo.

Kwa sababu ni yule yule. Sina Kirundi lakini masikio ninayo, sauti inavuja pembeni ya hedifoni nyembamba kama ya mbu, sauti ya mwanamume, na kila jioni ni yule yule, anamsikiliza, anamrudisha nyuma, anamsikiliza tena, midomo yake inamfuatisha, na siku moja nilimwona anajifuta macho kwa ncha ya kanga, Zuleha, mwanamke ambaye nilipolazwa nikaweweseka na homa alikuja na uji akagombana na wauguzi, akanibadilishia shuka, akafanya yote, lakini chozi sikuliona... Nilimuuliza, nani huyo. Akasema, mtu wa kambini. Basi. Mtu wa kambini, kama vile kambi ile haina watu wa kupanga foleni ikafika Kasulu na kupita, na mimi sikuongeza swali, nikaenda kulala nikamjenga mwenyewe, nikampa urefu, nikampa mabega na meno meupe, nikampa umri mdogo kuliko wangu, nikampa na ile lugha wanayoelewana nusu nzima kabla hajamaliza sentensi, Kiha na Kirundi ni mtu na ndugu yake, yeye anasema, mke wangu anaelewa, hakuna Kiswahili changu kinachohitajika katikati.

Anafungua. Ukurasa wa kuandikia, kamusi, ile sauti, halafu ramani ya huko Burundi yenye vilima vilivyosongamana kama upele, na kwenye kidirisha cha Anatoli mstari wa memori unapanda, unapanda, mashine inaanza kunguruma kwa tumbo, na Anatoli anasema achomoe hedifoni tusikie sauti inakatika vipi, na Zuleha anasita, namwona anasita, mkono juu ya ule waya, nasema moyoni haya, sasa tutamjua, anachomoa, na mwanamume yule anaingia sebuleni kwangu. Ana kikohozi. Ni mtu mzima, pengine ni rika la marehemu baba, anazungumza kama mtu anayepanda mlima, anapumzika, anapanda tena, na yule kijana niliyemjenga wa mabega na meno anaanguka papo hapo, lakini wivu hauanguki naye, ajabu, unazidi, kwa sababu Anatoli ameachia mausi, Anatoli naye ni wa kule kule, anaelewa, na vichwa vyao vimeinama mahali pamoja kwa wakati mmoja, na mimi peke yangu nimebaki wima na kikombe... umugore wanje, anasema yule mzee, hilo walau nalijua, mke wangu, umugore wanje, halafu umugo, umugo, umugo, na kimya. Imeganda. Hapa, anasema Zuleha, ni hapa hapa kila siku, anataka kutaja kilima, kwao kilima ndiyo kijiji, walikobaki kaka za mkewe, labda mke karudi huko, lakini anakitaja huku anakohoa na majina yanayofanana ni mengi, lazima nimsikie huku naangalia ramani, na nikiweka vyote viwili inaganda, nikitoa ramani inasema, sasa nitajuaje ni kipi. Tangazo la kumtafuta haliwezi kwenda bila jina la kilima. Anayasema hayo kwa Kiswahili, kwa hiyo ananiambia mimi, na sauti yake si ya mtu anayejitetea, hajui kama anashtakiwa, amechoka tu... kwa hiyo jioni zote zile, kumrudisha nyuma, midomo ile, alikuwa amesimama kwenye neno moja kama mtu aliyenaswa na mlango, na mimi nilikuwa kitandani naomba ule mlango ufungwe kabisa.

Ningeutua wivu sasa. Siutui. Nasikia nauliza,

"Huyo mzee anasema nini, Mama Nasra?"

Ananitazama. Sijawahi kumuuliza hivyo, si kwa huyu, si kwa mama yake mzazi akisema Kiha. Anasema si siri, mwenyewe kaomba yatangazwe mpaka redioni, na anamwambia Anatoli atoe ramani, arudishe mwanzo, na sauti inaanza kupanda mlima wake, na mke wangu anaifuata nyuma, kwa Kiswahili, na anasema mimi, ndivyo walivyofundishwa kazini, unasema mimi, humsemi mtu kwa pembeni.

"Mimi namtafuta mke wangu. Tulishikana mikono pale Kagunga, ufukweni, watu wakasukumana kwenda botini, nikauachia mkono wake. Akitembea anaegemea kushoto. Akicheka anafunika mdomo kwa sababu ya jino, lakini macho hayafuniki. Akichuja chai haangalii chujio, anaangalia mlango. Hapendi kuitwa kwa kelele. Mkimwona, mwiteni polepole."

Anatoli anajikuna shingo. Mimi naiona ile meza ya kuandikisha waliopoteana, pale uwanja wa mpira walipowashusha watu kutoka melini, najiona nimekaa mbele yake na mtu ananiuliza, mkeo yukoje, na ninasema, maji ya kunde, si mrefu si mfupi, anavaa kanga, na yule mtu anangoja niendelee, na sina la kuendelea, wako elfu wa namna hiyo ufukweni, wangeniletea yeyote... anaegemea wapi, Zuleha, akichuja chai anaangalia nini, amenichujia chai hii hii iliyopoa na mimi nilikuwa naangalia skrini, na yule mzee mwenye kikohozi, asiye na nyumba wala kiti, ana mke mzima kichwani mwake mpaka jino, namwonea wivu, Mungu anisamehe, namwonea wivu kuliko nilivyomwonea alipokuwa yule kijana wa kichwani mwangu.

Basi, Mwalimu, anasema Anatoli, imejaa kweli, umeiona mwenyewe, tuongeze? Bisibisi anayo mkononi. Zuleha ameinama anatafuta pa kurudishia waya wa hedifoni, kanga imeteleza kidogo begani, na nyuma ya sikio, kwenye mpaka wa nywele, kuna kovu, dogo, jembamba, la zamani, na sijawahi kuliona, na nimelala ubavuni mwake kila usiku wa ndoa hii.

"Kovu hilo ulilipata wapi?"

Hageuki bado, anahangaika na waya.

"Lipi?" anasema.