Uzazi wa Pili wa Kidoti

Barua ya kumwoza Kidoti ilikuja na muhuri. Wafanyakazi wa bustani ya wanyama waliiita barua ya posa, ingawa kwa lugha ya ofisini ilikuwa mpango wa uzalishaji: karatasi nne zilizoandikwa na watu wasiowahi kumtia Kidoti machoni, zikieleza kwamba kwa jinsi nasaba zilivyochambuliwa, sokwe jike huyu anafaa kupandwa na dume fulani wa bustani nyingine, mwendo wa siku mbili kwa lori. Dume akaletwa ndani ya kreti, amejinyonyoa manyoya ya mikono kwa wasiwasi. Mwaka mzima alikaa pembeni, mgongo kwa wenzake. Wakamwita Mgeni, na jina likamganda hata baada ya kuzoea.

Mtunzaji wa sokwe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa ambaye kila mtu alimwita Bi Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia wanyama na binadamu bila kubagua, na kwa sababu magoti yake hayakumruhusu mwendo mwingine. Alipoisoma ile barua aliikunja, akaitia mfukoni mwa ovaroli, akasema, "Haya. Wao wanaandika, sisi tunafagia."

Lakini kilichomchosha hakikuwa kufagia. Alikijua kitu ambacho hakikuandikwa kwenye zile karatasi nne: Kidoti hakujua umama, na aliyemnyima ni yeye.

Miaka ishirini na miwili nyuma, mama yake Kidoti alikufa siku tatu baada ya kujifungua. Bustani haikuwa na chumba cha joto wala mtu wa zamu ya usiku, basi Bi Taratibu akakichukua kile kitoto chenye kidoti cheupe juu ya mdomo, akaenda nacho nyumbani. Alikaa nacho miezi minane. Chupa kila baada ya saa mbili, nepi, mbeleko mgongoni akipika, mbeleko kifuani akifua. Binti yake, wakati huo wa miaka sita, akahamishwa kitandani akalazwa chini kwenye godoro, kwa kuwa kitoto cha sokwe hakikulala bila kushika nywele za mtu. Watu walimsifu. Gazeti likampiga picha. Hakuna aliyeuliza, wala yeye hakujiuliza, Kidoti angejifunza kwa nani kuwa sokwe.

Jibu lilikuja kwenye uzazi wa kwanza, kabla Mgeni hajaletwa. Kidoti alimwacha mtoto sakafuni, akapanda juu ya gogo, akawa anamtazama kama mtu anayetazama mzigo uliosahauliwa kituoni, akisubiri mwenyewe atokee. Ofisini watu wakabishana: tumchukue, tusimchukue, tusubiri kidogo. Walipomaliza kubishana kitoto kilikuwa kimeshapoa. Bi Taratibu ndiye aliyeingia kukitoa, amekifunika taulo.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoonekana, alimshonea Kidoti mdoli. Alichukua ovaroli lake kuukuu, akalijaza majani makavu, akaliwekea mikono mirefu na kichwa cha soksi. Kila siku kwa miezi mitano, asubuhi na alasiri, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya wavu, akamfundisha maneno mawili. La kwanza lilikuwa "beba": Kidoti ampakate mdoli kifuani. La pili lilikuwa "lete": amlete mdoli mpaka kwenye kidirisha cha chakula na kumkabidhi, ili siku ikifika daktari aweze kumkagua mtoto bila kuingia ndani. Akipatia, anapewa zabibu. Magoti yakauma, kiuno kikauma, ulimi ukachoka kwa beba, lete, beba, lete. Akirudi nyumbani hakutaka kusema na mtu.

"Leo umeniambia maneno manne," bintiye alimwambia jioni moja. Sasa alikuwa mtu mzima, fundi wa saluni, na bado waliishi pamoja. "Mawili kati ya hayo ni 'niache kidogo'."

"Basi yawe sita," Bi Taratibu akamjibu. "Nimechoka, mwanangu."

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kliniki. Alikuwa amengojea miezi mitatu kuonwa na daktari wa magoti, na bintiye angempitia saa nne asubuhi. Aliingia kazini saa moja, nia yake kutoa chakula tu na kuondoka. Alipofungua mlango wa banda alimkuta Kidoti, aliyetengwa na wenzake kungoja uzazi, juu ya gogo, na chini, kwenye majani, kitu kidogo cheusi kikitikisa mkono.

Alishika ukuta kwanza. Kisha akapiga simu kwa daktari wa wanyama, akavuta ndoo yake, akakaa.

"Kidoti," akasema. "Beba."

Kidoti alishuka mara moja. Akampita mtoto, akaenda kwenye kona, akamwokota mdoli, akampakata kifuani vizuri kabisa, kichwa juu, mkono mmoja chini ya makalio. Akageuka kungoja zabibu yake.

Bi Taratibu alitaka kucheka, akaona kicheko hakiji. "Lete," akasema. Mdoli akaletwa. Akampokea kupitia kidirisha, akamtupa nyuma yake, mbali. Sasa ndani mlibaki mtoto mmoja tu.

"Beba."

Kidoti aliutazama mkono wake mtupu. Akamsogelea mtoto, akamnusa, akamgusa kwa kidole kama anayepima joto la maji. Kisha akamwinua kwa mkono mmoja na kuja naye moja kwa moja mpaka kwenye wavu, akampitisha kidirishani. Akawa anampa Bi Taratibu.

Daktari wa wanyama alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Alikuwa mwanamume mrefu asiyeishiwa mafua, na viatu vyake vya mpira vilitoa maji kila hatua. "Mchukue, mama!" akasema kwa sauti ya chini. "Si anakupa mwenyewe? Chumba cha joto kiko tayari, chupa iko tayari. Mchukue!"

Mikono ya Bi Taratibu ilikuwa imeshanyooka kumpokea. Vidole viligusa manyoya machafu ya mtoto, vikahisi moyo unavyokwenda mbio. Kumbeba lilikuwa jambo jepesi kuliko yote aliyowahi kufanya kazini. Akairudisha mikono, akaikalia.

"Hapana," akasema. "Kidoti, beba."

"Mama, yule wa kwanza alikufa hivi hivi."

"Nakumbuka. Mimi ndiye niliyemtoa."

"Sasa?"

"Nikimchukua huyu, baada ya miaka kumi utaletewa barua nyingine, na mtunzaji mwingine atakaa hapa na mdoli. Nimechoka kulea watu wasiojua kulea, daktari."

Daktari alipenga kamasi, akatazama saa. "Nakupa mpaka saa saba. Ikigonga, namchukua mimi, na sitaomba ruhusa."

"Sawa."

Kidoti alimrudisha mtoto kwenye majani, akamleta tena. Akamrudisha, akamleta. Mara ya nne alianza kulia, midomo imechongoka, akimsukuma mtoto kwenye kidirisha kwa nguvu kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe na kufungiwa. Bi Taratibu alimtazama, na taratibu, kama kawaida yake, akaelewa. Kidoti hakuwa akikataa kitu. Alikuwa akifanya kile kile alichofundishwa kwa miezi mitano: mtoto analetwa, na yuko mtu wa kumpokea. Tangu azaliwe, mtu huyo alikuwapo.

Akasimama. Magoti yalilia. "Kaa wewe hapa," akamwambia daktari, akimwonyesha ndoo. "Usiseme neno. Usimtazame usoni. Akikuletea, geuka."

"Na wewe?"

"Mimi natoka. Nikiwepo, huyo mtoto ni wangu."

Kutoka mlangoni hadi stoo ya chakula ni hatua kama arobaini. Kelele za Kidoti zilimfuata hatua zote arobaini. Hakugeuka. Ndani ya stoo akajibwaga juu ya magunia ya karoti, akafumba macho, na hata alipoyafumba mikono yake iliendelea kuhisi manyoya yale.

Bintiye alimkuta hapo saa nne na ushei. "Simu hupokei! Nimezunguka mpaka kwa mamba. Kliniki wanafunga majina."

"Kidoti amezaa."

Binti alishusha mkoba begani. Nyumbani kwao jina hilo halikuwa jepesi. "Na wewe umekaa kwenye magunia?"

"Nikiwa pale anataka kunipa mtoto."

"Si umchukue? Ulishawahi kuchukua."

"Ndiyo maana simchukui."

Kelele ilipasuka tena upande wa pili wa ukuta. Mama akashika magoti yake mawili, akayabana mpaka vidole vikabadilika rangi. Binti alisogeza gunia moja, akakaa karibu.

"Wakati ule," akasema, "nilikuwa naamka pale chini, namsikia anakunywa chupa. Nilikuwa naomba afe."

"Najua."

"Hujui. Sijawahi kukuambia."

"Uliwahi kumwaga maziwa yake yote. Nikasema ni paka."

"Hatukuwa na paka, mama."

"Hatukuwa na paka."

Binti alicheka kwa puani, kicheko kisicho na furaha sana. "Mbona hukunirudishia kitanda? Hata alipoondoka ulichukua wiki mbili."

Bi Taratibu aliyaachia magoti. "Nilikuwa nimechoka," akasema, "mpaka nikasahau kwamba umelala chini. Sina jibu zuri kuliko hilo."

Halikuwa jibu zuri, na binti hakujifanya kwamba ni zuri. Alifungua mkoba, akatoa chupa ya maji, akampa. Mama akanywa nusu. Wakakaa. Kliniki ikapita. Saa tano ilipokaribia kelele zikakatika, na ukimya ulioingia ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwa kuwa uzazi wa kwanza nao ulikuwa na ukimya kama huo. Bi Taratibu alisogea mara mbili kutaka kusimama. Mara zote mbili bintiye alimwekea mkono begani, akamkalisha.

Daktari alikuja saa sita na nusu. Alisimama mlangoni, akafuta pua kwa mkono wa koti.

"Alilia karibu saa nzima, macho kwenye ule mlango ulipopitia wewe," akasema. "Akaniletea mimi, nikageuka. Akaniletea tena, nikageuka. Akamweka chini. Halafu mtoto naye akalia. Sauti ndogo tu. Akamwinua kwa mguu, mama, kichwa chini miguu juu. Nikauma ulimi. Amemgeuza mwenyewe. Amempakata vile vile ulivyomfundisha, mkono chini ya makalio."

"Ananyonya?"

"Ziwa la kushoto tu. La kulia hajaligundua. Lakini ananyonya."

Bi Taratibu aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Bintiye alidhani angelia, lakini hakulia. Aliuliza kama mtoto ni jike au dume, akaambiwa jike, akasema, "Haya," kisha akalala pale pale juu ya magunia, ameketi, mdomo wazi, kwa muda wa dakika ishirini. Binti akaenda nje kuomba kliniki wampangie siku nyingine.

Daktari ndiye aliyesema, na Bi Taratibu hakubisha: asionekane kwenye banda la sokwe kwa miezi miwili. Hata harufu yake isifike. Wakampeleka kwa kobe. Kazi ya kobe ni nyepesi, hawaletewi posa mara kwa mara, na hakuna anayekuhitaji hata ukichelewa. Alikata kabichi, akabadilisha maji, akawa anauliza habari za Kidoti kwa wapitao kama mtu anayeuliza habari za nchi nyingine. Ziwa la kulia limegunduliwa siku ya tatu. Mgeni amesogea akamnusa mtoto, akakaa karibu nao, akapigwa kofi, akarudi tena. Ofisi imetangaza kwa wageni, foleni imefika getini. Barua nyingine nayo imefika, ya pongezi, na aya yake ya mwisho ikisema kuwa kitoto hicho kikikua kitafaa kupelekwa bustani fulani. Mkuu wa bustani alimsomea aya hiyo akiwa amesimama kati ya kobe.

"Hajaota hata meno," Bi Taratibu akasema.

"Ni mpango tu."

"Najua ni mpango."

Miezi miwili ilipokwisha hakurudi bandani. Kustaafu kulikuwa kumebaki wiki saba, na aliyechukua nafasi yake alikuwa ameshazoeleka. Badala yake, siku yake ya mapumziko, alivaa gauni la kutokea, akaingia kwa lango la wageni pamoja na bintiye, akapanga foleni kama watu wengine. Ilichukua muda kufika kwenye kioo. Watoto walikuwa mbele, wamebandika pua.

Kidoti alikuwa amekaa juani, anamenya ganda la mti. Mtoto alining'inia tumboni, amekamata manyoya kwa mikono na miguu. Kidoti aliinua kichwa, macho yake yakapita juu ya watu, yakafika kwa Bi Taratibu, yakasimama hapo kidogo. Bi Taratibu akaficha mikono nyuma. Kisha Kidoti akarudi kwenye ganda lake, akamvuta mtoto juu kidogo alipoona anateleza, akaendelea kumenya.

"Amekutambua?" binti akauliza.

"Amenitambua."

"Mbona hakuja?"

"Ana kazi," Bi Taratibu akasema.

Walisimama mpaka mtu wa nyuma akaomba nafasi. Magoti yalikuwa yameanza tena, kwa hiyo walitafuta benchi, wakakaa, na binti akamvua mama yake viatu.