Suti ya Mama Akoth

Kama ujuaji ungekuwa ugali, Wekulo angekuwa amevimbiwa siku nyingi. Hilo alilijua mwenyewe, na asubuhi ile, akiwa amepiga magoti nyuma ya meza ya projekta katika kanisa moja karibu na Ayany, waombolezaji wa Kibera wamejaa hadi mlangoni, alijiambia bila huruma: wewe bwana, ujinga wako hukufundishwa na mtu. Umeutafuta mwenyewe, tena kwa bidii.

Ukutani, pale uso wa marehemu ulipopaswa kuwa, palikuwa na kisanduku cheupe chenye alama nyekundu ya kukataa. Slaidi ya kwanza, kisanduku. Inayofuata, kisanduku. Juu yake maandishi ya dhahabu yalisema "Kwaheri Mama Dorsila," na chini yake hakukuwa na Dorsila wala kivuli chake. Kwaya ilikuwa imemaliza wimbo wake, ikatazamana, ikaanza mwingine.

Na haikuwa picha ya kupamba ukuta tu. Ugonjwa ulikuwa umemharibu mama huyo uso, familia ikakubaliana jeneza lisifunguliwe. Kesho yake angesafirishwa kwao Alego kuzikwa, na hawa watu wa Kibera, waliokula samaki wadogo wa omena aliowauzia tangu wakiwa wachumba hadi wakawa wazazi, wangemuaga hapa hapa. Akoth, binti yake wa pekee, alikuwa amekuja mwenyewe hadi Kawangware kumweleza Wekulo.

"Weks, jeneza halifunguliwi," alisema. "Hiyo picha ndiyo itakuwa mathe mwenyewe. Nakuomba tu, mwache vile alikuwa."

Picha yenyewe ilikuwa ya simu. Mama Akoth yuko kibandani, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, mkebe wa kupimia omena mkononi, anacheka mdomo wazi hadi pengo la mbele linaonekana lote. Wekulo akasema sawa, dada, usijali. Kusema sawa hakujawahi kumshinda mtu.

Duka lake liko Kongo, ndani ya Kawangware, na juu ya mlango amejiandikia "Daktari wa Picha." Hakuna aliyempa udaktari huo. Alijipa siku aliyonunua rangi ya kuandikia kibao.

Sasa, anayejua matanga ya Nairobi anajua kwamba kamati ya mazishi hukutana kila jioni, na kamati ikikutana lazima ibadilishe kitu. Mwenyekiti alikuwa mzee Oketch, kakake marehemu, mtu wa sauti nzito na maoni mengi. Jioni ya kwanza alipiga simu. "Kijana, dada yangu hawezi kuenda akiwa ameshika mkebe wa samaki. Mtoe kwa hicho kibanda." Wekulo akamtoa. Jioni iliyofuata: hicho kitambaa kinamfanya aonekane kama amekimbizwa na askari wa kanjo. Wekulo akakitoa, akamtengenezea nywele. Halafu pengo. Halafu ngozi, ing'arishwe kidogo. Halafu, kamati yote ikiitikia kwa nyuma, avalishwe suti.

Hapo ndipo Daktari alipopagawa kabisa. Suti alikuwa nazo kwenye kompyuta za kuvalisha mtaa mzima. Akachagua moja ya zambarau, ina mabega, ina shingo yenye mkufu, aliyoitoa kwenye bango la mheshimiwa fulani aliyegombea kiti kule Kabiro akaanguka kifo cha mende. Kichwa cha mheshimiwa akakificha tu bila kukifuta, akakiweka cha Mama Akoth pale juu ya shingo. Kikakaa! Wekulo akarudi nyuma na kiti, akapiga makofi peke yake. Alikumbuka ombi la Akoth? Alikumbuka. Lakini fundi akishajipenda, mwenye picha huwa ni msumbufu tu.

Na kwa kuwa Oketch alikuwa anabadilisha mambo kila kukicha, Wekulo akabuni ujanja. Hakuiingiza picha ndani ya slaidi. Aliiunganisha kwa linki: slaidi inashika njia ya kufika kwa faili la picha tu, na ukilibadilisha faili, slaidi zote zinajibadilisha zenyewe. Nelima, mkewe, ambaye ndiye huendesha duka mume akiwa anajisifu, alimwonya.

"Baba Austin, ukimaliza, ifanye picha ya kawaida, uiingize ndani kabisa. Hizo linki zitakuaibisha mbele ya watu."

"Mama Austin, hiyo ni njia ya watu wa cyber. Mimi ni designer."

Sikio la kufa halisikii dawa. Designer akamwaga slaidi na lile faili la picha kwenye flashi, akabeba laptop yake ya zamani, akaenda Kibera akipiga mluzi, kwa matanga ya watu.

Na sasa yuko hapa magotini. Akampigia Nelima, kichwa amekiingiza chini ya meza.

"Picha unayo kwa flashi?" Nelima akauliza.

"Ninayo."

"Na linki ulizifunga kwa ile mashine kubwa ya duka?"

"Eeh."

"Basi inaitafuta huku Kongo." Alisema hivyo kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Wekulo zaidi. Slaidi zilikuwa kama mgeni anayeendelea kubisha mlango wa nyumba uliyohama. "Ingia kwa mipangilio ya linki, uionyeshe faili iko wapi saa hii. Halafu zivunje hizo linki, picha ikae ndani. Vile nilikuambia Jumatatu."

"Sasa Jumatatu inaingiaje hapa?"

"Inaingia," akasema Nelima, akakata.

Wekulo akaionyesha. Laptop ikafikiri, ikafikiri, ikasema haijui faili la aina hiyo. Akachomoa flashi, akaipuliza, eti vumbi, akairudisha. Visanduku vyeupe vikamtazama vilevile. Mchungaji, mtu mwema, akasema tuombe, akaombea wagonjwa, wasafiri, bodaboda na serikali, akafungua jicho moja akaona bado, akarudi kwa wagonjwa. Mzee Oketch alikuwa amegeuka kwenye kiti akimwangalia Wekulo jinsi mtu anavyomwangalia kuku aliyeingia sebuleni. Akoth, mstari wa mbele, hakugeuka. Alikuwa anautazama ukuta mtupu, mikono mapajani. Msichana wa watu alikuwa ameomba uso wa mamake, basi.

Ikabidi designer anyenyekee. Angelifungua faili lenyewe kwenye programu ya kuhariri picha, akalihifadhi kama picha ya kawaida, akaiingiza. Naam, njia ya watu wa cyber. Akabofya. Kwa haraka yake hiyo akasahau jambo ambalo hata mtoto wa nasari angelikumbuka: projekta huonyesha kila kitu.

Programu ya laptop ilikuwa ya zamani kuliko ile ya duka, na kazi ya watu wa kisasa haikuielewa. Kile kipande kilichokuwa kinaficha kichwa cha mwenye suti hakikusomeka. Ukuta mzima ukajaa suti ya zambarau, mkufu, na juu yake, akitabasamu kwa meno yote, yule mheshimiwa wa Kabiro mwenyewe.

"Amina," mchungaji akamaliza, na watu wakafungua macho.

"Ehe!" mama mmoja akasema nyuma. "Huyu si yule wa kuomba kura?"

"Amefuata kura hadi kwa matanga?" mwingine akamjibu. Vijana mlangoni wakacheka wakajifunga midomo.

Wekulo alitaka ardhi ipasuke immeze, yeye na laptop, ila projekta ibaki kwa sababu ilikuwa ya kuazima. Picha ya namna hiyo hutengenezwa kwa matabaka, moja juu ya jingine, ile picha ya asili ikiwa chini kabisa, na kila moja lina alama ya jicho ya kulizima. Akaanza kuyazima moja moja. Akaizima suti, mheshimiwa akaondoka. Kikabaki kichwa cha Mama Akoth kinaelea hewani na nywele za saluni. Mungu wangu! Akazizima nywele. Akazima mng'aro wa ngozi, mama akarudi kwenye weusi wake. Akabofya kwa papara bila kujua tena anabofya nini. Jino jipya likaondoka, na tabaka lililoficha kibanda likaondoka. Mwishowe, hakukuwa na kitu kilichobaki cha kuzima.

Mama Akoth alikuwa kibandani. Kitambaa upande, mkebe mkononi, pengo lote nje, anacheka na kanisa zima.

Halafu Mama Marion, aliyeuza mboga kando yake miaka yote, akasimama, mikono kichwani. "Dorsila! Uuwi, Dorsila, ndiwe huyo!" Na kilio kikalipuka, kile cha kweli ambacho asubuhi nzima kilikuwa kimezuiwa na visanduku vyeupe. Watu walilia huku wengine wakicheka, kwa sababu huwezi kuutazama mcheko ule ukabaki umenuna.

"Kijana!" Oketch akanguruma. "Rudisha suti!"

Mkono wa Wekulo ulikuwa umeshaanza kutii, hivyo ndivyo ulivyozoea. Akoth akasimama.

"Anko, wacha," akasema. "Asiguse kitu."

Oketch akafungua mdomo, akautazama ukuta, akatoa leso mfukoni.

Wakaanza kupita mbele ya jeneza, mmoja mmoja. Waliligusa, kisha wakainua macho wakaongea naye. Mzee mmoja alimwambia atamkosa sana, na kwamba vipimo vyake havikuwa vya haki hata siku moja. Wekulo alibaki magotini. Laptop ile ukiiacha kidogo inalala, skrini inakuwa giza, kwa hiyo alishika mausi akaitikisa kidogo, akangoja, akaitikisa tena. Ujuzi wake wote, kibao chake chote cha Daktari, kazi iliyobaki ilikuwa ni hiyo.

Akoth alikuja mwisho. Alisimama karibu na meza, machozi yamemlowesha kidevu, akiutazama ukuta. Wekulo akainua macho, mkono bado kwenye mausi.

"Weks," Akoth akasema polepole, bila kumwangalia. "Ni hii tu niliomba."

Skrini ikaanza kufifia. Wekulo akaitikisa mausi haraka, na mama akaendelea kucheka.