Maksai wa Plau

Siku zile, kabla trekta hazijajaa mashamba ya Njoro, kulikucha kwa sauti ya mtu. Jogoo waliwika, ndiyo, lakini hakuna aliyeamka kwa ajili yao. Watu waliamka Kosgei alipoanza kuwaita ng'ombe wa plau, kila mmoja kwa jina lake na kwa mvuto wake wa sauti, na ng'ombe wakaja wenyewe kwenye nira kama watoto walioitiwa uji.

Chepngeno aliipenda sauti kabla ya kumpenda mwenyewe. Wakati huo alikuwa msichana wa kuchuma maua ya pareto ng'ambo ya mto, na kila alipoisikia alinyoosha mgongo na kusahau kikapu. Dada zake wakamcheka. "Huyu ataolewa na ng'ombe," walisema. Akaolewa na mchunga ng'ombe, na wakacheka zaidi siku ya harusi.

Kosgei wa siku hizo alikuwa kama mpini wa jembe: mwembamba, mgumu, unang'aa pale mkono uliposhika. Na kwa kuwa alikuwa na mkono usiotetemeka, yeye ndiye aliyeshika koleo la kuhasi kila mwaka madume wachanga walipofikia umri. Ndama aliingia mtego wa mbao wa kumbana akiwa fahali, akatoka akiwa maksai, na mwakani alikuwa kwenye plau. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo mashamba yalivyolimwa.

Lakini mwaka ule mbao za mtego zilikuwa zimeoza. Dume moja lilizivunja, likamrusha Kosgei, likamkanyaga. Hospitalini Nakuru waliyaokoa maisha yake. Korodani zake hawakuziokoa, hata moja.

Jepkorir, mtoto wao, alikuwa hata hajaanza kutambaa.

Kosgei aliporudi nyumbani, Chepngeno alimtazama tu. Alikuwa mtu wa kutazama. Shule ya misheni aliiacha mapema, na kilichobaki alijifunza kwa macho. Aliona mume wake akiloa jasho wakati wa baridi. Aliona mikono ikilegea na nguvu ikimwishia katikati ya kazi ndogo, kama taa iliyoishiwa mafuta. Kosgei aliporudishwa hospitali, daktari, Mhindi mmoja mwenye miwani na maneno machache, alisema kwamba kuna dawa siku hizi. Kile ambacho mwili wake hauwezi tena kutengeneza, watamtia kwa sindano, kila baada ya wiki tatu.

Mama yake Kosgei, Rahab, ndiye aliyekwenda naye siku hiyo ya kwanza. Akamuuliza msaidizi mmoja mwenye sindano, "Sasa hii dawa ni ya nini, mwanangu? Mbona nzito hivyo?"

"Ni ya mafuta, mama," akajibu yule kijana bila kuinua kichwa. "Na asikose mafuta yake. Akiyakosa, atarudi chini."

Rahab hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mafuta aliyajua. Mwanamke aliyejifungua hupewa mafuta, mgonjwa aliyeinuka hupewa mafuta. Akanunua kondoo wa mkia mnene, akayeyusha, akamwekea mwanawe kikombe asubuhi na kingine jioni, na katikati mursik, maziwa ya kibuyu, mpaka kibuyu kikalia. Na kazi? "Asiguse hata kamba," alisema Rahab. "Dawa inataka mtu atulie."

Basi Kosgei akatulia. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, amefunikwa blanketi, akinyweshwa kama mzazi aliyetoka kujifungua. Kila wiki ya tatu alipanda lori la maziwa mpaka Nakuru, akadungwa, akanywa chai Bondeni kwa binamu yake, akarudi na mikebe mitupu. Mwili ukaitika. Mashavu yakajaa, tumbo likatangulia, kifua kikalegea mpaka akawa havui shati hata juani.

Wageni walifurahi. Kwa watu wa huko, kumwambia mtu amenona ni kumpa pole na hongera kwa pumzi moja. Walimsalimu, "Chamgei! Ai, Kosgei, umenona!" Na Rahab akijibu kutoka jikoni, "Sindano imemkubali!"

Chepngeno peke yake aliona kwamba kila neno hilo liliposemwa, mume wake alishika blanketi na kulivuta.

Aliona na jambo jingine. Siku za mwanzo baada ya sindano, Kosgei aliamka mapema, akamrusha Jepkorir juu, akanong'ona wimbo. Zilipokaribia siku za sindano nyingine, alizama. Hakula wala hakulala, mtoto akilia aligeukia ukuta. Kisha sindano, na anapanda tena. Kama mtu wa bembea. Chepngeno hakumwambia mtu. Alingoja kwanza aone kama macho yake hayamdanganyi.

Ndipo akaja Kipkorir. Huyu alikuwa rika la Kosgei, walitahiriwa pamoja, na rika kwa rika hakuna mlango. Alikuwa ameachiwa ng'ombe wa Kosgei na hakuwaweza.

"Bwana, ng'ombe wako wananitukana," alisema akikaa bila kukaribishwa. "Naita Madoa, anakuja Baridi. Naita Baridi, anakojoa."

Kosgei akacheka. Kicheko cha kwanza siku nyingi. "Baridi haitwi kwa kelele. Unamwita kama unamwomba tumbaku."

"Njoo umwombe wewe, basi! Lakini wapi, mwenzangu. Tazama tumbo. Umenona, bwana! Wallahi, umenona kuliko maksai wa Krismasi!"

Rahab alicheka jikoni. Kipkorir alicheka. Kisha akaona Kosgei hacheki, na neno alilolitupa liko pale chini katikati yao, haliokoteki.

"Rika, sikuwa na maana..."

"Najua," Kosgei alisema. "Nenda kafungue ng'ombe."

Lori la maziwa lilipokuja siku ya sindano, Kosgei hakutoka. Dreva alipiga honi, akangoja, akaondoka. Jioni Kosgei alimwambia mke wake, akiangalia moto, "Chepngeno, wewe bado kijana. Mchukue mtoto urudi kwenu Elburgon. Hakuna atakayekulaumu."

"Nani amenifukuza?"

"Hakuna aliyekufukuza. Ni mimi nasema. Yule daktari anadunga mfuko uliotoboka. Nani hunona hapa shambani? Mimi mwenyewe nimewahasi wangapi, ninajua wanavyokuwa. Sirudi kwa sindano."

Chepngeno alisukuma kuni. Alijua wazi: Kosgei akiacha ile dawa, atazama zile siku za kuzama na hatapanda tena; na siku moja atamtazama kwa macho ya mtu anayemtazama mgeni, na hapo kweli itabidi arudi kwao.

Lori lilipopita tena, dreva alimkuta yeye barabarani, mtoto mgongoni.

Daktari alishangaa kuona mke bila mgonjwa. Akamuuliza hali, na Chepngeno, taratibu, akamweleza ile bembea: anavyopanda, anavyozama, anavyolala na asivyolala. Daktari aliweka kalamu chini akasikiliza.

"Hilo nilitaka kujua," alisema. "Yeye kila siku ananiambia 'nzuri, daktari'. Tutapunguza kipimo, tumdunge mapema zaidi, asianguke sana. Na chakula? Anakula nini?"

"Mafuta, kama mlivyosema."

"Nani amesema?"

"Mama aliambiwa hapa. Dawa ni mafuta, asikose mafuta."

Daktari alicheka ghafla, kisha akaziba mdomo alipouona uso wa Chepngeno. "Mama, mafuta ni yale ya ndani ya sindano. Dawa imechanganywa na mafuta ili ikae mwilini polepole. Ya kondoo sikusema!" Akauliza kama mgonjwa anafanya kazi. Aliposikia habari za kigoda na blanketi, akatikisa kichwa. "Kidonda kilipona zamani. Mimi nampa kile alichopoteza. Lakini sindano hailimi. Asipoutumia mwili, utageuka mafuta, sindano au hakuna sindano. Mpe maharagwe, mboga, nyama isiyo na mafuta, maziwa kiasi. Atembee, abebe, alale usiku. Na umwambie hii: mtoto mwingine sindano haitamletea, sitaki kumdanganya. Lakini mwanaume bado ni mwanaume."

Njia nzima ya kurudi, mikebe ikigongana, Chepngeno aliwaza si maneno ya daktari, bali namna ya kumwambia mama mkwe. Mke wa mwana hamfundishi mama kulisha mwanawe.

Akamkuta Rahab akiyeyusha mafuta. Akachuchumaa, akapokea mwiko kutoka mkononi mwake, kwa heshima, kama anayesaidia. "Mama, nimetoka kwa daktari. Yule kijana hakutueleza vizuri." Akayapanga yote, na lawama yote akamtwika yule kijana wa sindano.

Rahab aliyatazama mafuta mpaka yakaanza kutoa moshi.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "ni mimi nimekuwa nikimnonesha mwanangu kama wa kuchinjwa."

"Ulimlisha ukimpenda, mama."

"Hata wa kuchinjwa hulishwa kwa upendo." Akaiepua sufuria, akaiweka nje. Mbwa wa jirani walikula Krismasi kabla ya Krismasi.

Alibaki Kosgei mwenyewe. Chepngeno alimkuta kwenye ua wa zizi, akiwaangalia ng'ombe wake kwa mbali, kama mtu anayetazama kwao. Akasimama kando yake.

"Nina swali la mjinga," alisema. "Haya mashamba yote, kutoka hapa mpaka Molo, yalifunguliwa na fahali gani?"

"Fahali?" Kosgei alikunja uso. "Fahali halimi. Ukimfunga fahali atavunja plau. Yanalimwa na maksai."

"Madoa ni maksai?"

"Unajua ni maksai. Nilimhasi mimi."

"Mbona hajanona?"

Kosgei akageuka kutazama. Madoa alikuwa amesimama pale, mifupa ya bega ikionekana, shingo imejaa kama gogo la mwerezi.

"Anayenona," Chepngeno akaendelea polepole, "ni yule anayefungiwa na kulishwa, apelekwe kwa wanajeshi Gilgil akaliwe. Naye ni maksai vilevile, koleo ni lile lile. Mimi nimetazama, Kosgei. Si koleo linalonenepesha. Ni kukosa nira."

Kisha akamweleza ya mafuta ya kondoo, na kosa la mama, na hapo Kosgei akaanza kutikisika. Chepngeno alidhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yakimtoka, ameshika ule ua kwa mikono miwili.

"Vikombe vile vyote!" alisema. "Na ladha yake ilivyokuwa mbaya!"

Siku ya lori ikafika. Honi ilipolia, Chepngeno aliendelea kuchambua maharagwe, hakugeuka. Akasikia kigoda kikisogea. Akasikia hatua. Kisha, kutoka barabarani, sauti ya Kosgei ikimfokea dreva: "Na wewe honi ya nini, nimefukuzwa?"

Haikuwa kazi ya siku moja. Mwanzoni alifuata plau nusu ya asubuhi akarudi akitweta, na Kipkorir, ambaye hakuwa na adabu hata siku ya majuto, alimwambia, "Pole, mzee, plau inakuvuta wewe." Tumbo liliondoka kama mgeni asiyetaka kuaga. Lakini liliondoka. Mabega yakarudi, si yale ya zamani kabisa, ila mabega. Zile siku za kuzama zikawa fupi, na zilipokuja Chepngeno alizijua, akamwacha, hakumuuliza neno. Habari ya Elburgon haikutajwa tena.

Msimu uliofuata wa wageni, mtu alimwambia Rahab, "Ai, Kosgei amekonda!" Rahab akajibu kwa fahari, "Ndiyo. Sindano imemkubali."

Trekta ililetwa mwaka uleule ambao Jepkorir aliingia darasa la kwanza. Mwenye shamba aliwauza Madoa na Baridi, na Kosgei akapewa kazi ya kuchimba mitaro, kazi isiyo na wa kuitwa kwa jina. Sindano zake aliendelea nazo. Na baadhi ya asubuhi, Chepngeno akiwa bado kitandani na ukungu umelala juu ya ngano, humsikia mume wake nje akinyoosha mgongo, akichukua sururu, na kwa sauti ya chini, kama anayeomba tumbaku, akiita: "Baridi... Baridi, njoo."

Hakuna anayekuja. Chepngeno hufumba macho na kuisikiliza sauti ile mpaka iishe.